Kidole Juu ya Mrija

Mjomba wangu Shabani aliliona koo lake kwa mara ya kwanza akiwa mzee wa kutembelea fimbo. Tulikuwa Morogoro, katika chumba kidogo cha hospitali chenye pazia la kijani, na daktari, binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, alimpitishia puani kamba nyembamba nyeusi yenye kamera kwenye ncha. Kwenye skrini tukaiona pua ya mjomba kwa ndani, kisha giza, kisha koo lenyewe, jekundu, linameta kwa mate. "Mzee, vuta pumzi. Sema iii," daktari akamwambia. Mjomba akajitahidi, ikatoka sauti ya mchanga. "Kimeo ulikatwa?" "Utotoni, mama." Upande mmoja wa koo palikuwa na kitu cheupe kimevimba na kuegemea njia ya hewa, na mjomba alikikodolea macho bila kupepesa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimemshikia kofia, wala sikushangaa. Koo la mtu hai nilishaliona nikiwa binti wa miaka kumi na saba, kabla skrini hizi hazijafika kwetu, nililitazama kwa jicho moja kupitia mrija wa chuma. Tangu mwaka ule mimi na mjomba tulikuwa hatujaongea. Tukikutana msibani nilimpa shikamoo, kwa sababu adabu haina likizo, naye aliitikia marahaba akitazama pembeni.

Kabla ya safari hiyo alinijia mwenyewe Kilosa, kwenye kibaraza ninapowekea cherehani. Alikuwa akivuta pumzi kwa kelele mpaka wateja wangu wakageuka kumtazama. Nilimpa kiti, akakaa, akasema, "Mwajuma, wewe unayajua mambo ya koo." Nilitaka kumjibu vibaya. Majibu nilikuwa nayo, nimeyakunja na kuyapanga miaka yote kama vitambaa kabatini. Lakini ile kelele ya pumzi niliitambua, na kabla sijachagua la kumwambia nikajikuta naifunika cherehani na kuulizia basi la Morogoro. Kelele ile bado naiogopa.

Mwaka ninaousema ulianza na kelele hiyohiyo, ila kwenye kifua kidogo zaidi. Mdogo wangu Idi alikuwa na miaka sita, na sauti yake ilikuwa imekauka polepole mpaka akawa ananong'ona. Kwetu Masanze mtoto wa namna hiyo ana kimeo kirefu, hakuna mjadala. Fundi wa vimeo alikuja na kisu chake kilichopinda, akamkata, akatuonyesha kipande juu ya jani. Sauti haikurudi. Alipoitwa tena alisema kimeo kimebakiza mzizi, akakata na mzizi. Sisemi haya ili tuchekwe. Kijiji kizima tulikuwa tumekatwa, mimi mmojawapo, na hakuna aliyekufa mbele ya macho yetu, sasa nani angeacha? Idi akaanza kupumua kwa mluzi, mbavu zinaingia ndani, macho yamemtoka, tukampakia kwenye lori la mkaa kwenda Mikumi. Pale hospitali walimkimbiza ndani, mimi nikabaki nje na viatu vyake mkononi. Nilipomwona tena alikuwa amelala kimya, rangi imemrudi, na chini ya shingo ana mrija wa chuma uliofungwa kwa utepe wa bendeji. Nililia nikijua wamemchinja. Muuguzi akanishika bega akasema, "Weka mkono hapa." Nikaweka kiganja mbele ya mrija, nikaisikia pumzi ya mdogo wangu, ya moto, inaingia na kutoka bila taabu.

Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo mimi ndiye niliyeachwa kuuguza, na Mikumi pakawa kwetu kwa karibu mwaka mzima. Wodi yetu ilikuwa na madirisha yanayotazama barabara kuu, na magari makubwa ya kwenda Zambia yalipopita chupa za dripu zilitikisika kwenye vyuma vyake. Nyuma ya wodi kulikuwa na jiko la wauguzaji, banda la bati lenye mafiga meusi, na humo ndimo nilimojifunza nusu ya mambo ninayoyajua duniani. Tulipika ugali na mchicha, dagaa ikipatikana, na ilibidi mmoja wetu asimame mlangoni na fimbo, kwa sababu nyani wa Mikumi wana njaa na hawana haya. Mara moja nyani dume alichukua sufuria ya uji wa Idi, akakaa juu ya ukuta akala kwa vidole, na Idi akacheka mpaka mrija ukapiga mluzi. Wanawake walimwita Mwenye Filimbi. Wengine walimpenda, wengine walihamisha vyombo vyao akikaribia, na nilisikia mmoja akisema kwa sauti ya chini, "Mtoto aliyetobolewa shingo roho yake inatokea hapo, usimwache alale karibu na mwanao." Aliyemjibu alikuwa mama wa Kimasai aliyekuwa akimuuguza mumewe, tuliyemwita Yeyo. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "Ng'ombe akivimba tumbo, sisi natoboa ubavu, naingiza kijiti wazi ndani, napumua. Ng'ombe nakula tena majani. Roho nakaa." Kisha akammiminia Idi maziwa. Tangu siku hiyo nilikaa jiko moja na Yeyo.

Mwenye mrija shingoni hana sauti, maana hewa inatokea chini kabla haijafika kwenye koo. Ukitaka aseme, sharti uzibe tundu kwa kidole ili pumzi ipande juu. Idi alijaribu kuziba mwenyewe, lakini kidole chake kilikuwa kidogo na pumzi ilivuja, basi kidole kikawa changu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Dada, nina njaa," kwa sauti nzito ya kizee, na muuguzi akageuka ukutani kufuta macho. Baada ya hapo hakunyamaza. Alinivuta mkono na kuuweka shingoni kila alipotaka jambo, na alipogundua matusi ya madereva wa malori alinivuta mkono ili anitukane. Nami nikamwadhibu kwa njia yangu. Tusi likianza tu naondoa kidole, linaishia hewani, na yeye anabaki anachezesha midomo kwa hasira mpaka sote wawili tunacheka. Kila asubuhi nilichomoa mrija mdogo uliokaa ndani ya ule mkubwa, nikaosha makamasi kwa maji yaliyochemshwa, nikaurudisha. Nilikuwa sijasoma zaidi ya darasa la saba, lakini kazi ile niliifanya vizuri na nilijivunia.

Daktari wa koo hakuwa wa pale. Alikuja kila baada ya wiki kadhaa na sanduku lake la vyuma, na kwa vile alivaa taa kwenye paji la uso tukampa jina Bwana Tochi. Siku ya zamu yake Idi alipigwa nusu kaputi, na Bwana Tochi alimwingizia mdomoni mrija mnene wa chuma wenye mwanga, ule ambao wauguzi waliuita laringoskopu, akachungulia koo na kung'oa kilichoota. Safari moja alitoka mlangoni akaniita. "Wewe ndiye unayemlinda. Njoo uone unamlinda na nini." Wakanivalisha joho la kijani na viatu vya mtu mwingine. Idi alikuwa amelazwa kichwa nyuma, mdomo umeshikiliwa na kile chuma, meno yake ya utoto yanaonekana. Nikainama nikaweka jicho. Mwisho wa mrija, kwenye mwanga mkali, niliona vinyama vyeupe na vya waridi vimerundikana kama mtama uliolowekwa, na katikati yake uwazi mdogo, wa kupitisha sindano ya magunia tu. Hapo ndipo sauti ya mdogo wangu ilipokuwa ikipenya. "Kimeo hakihusiki hata kidogo," Bwana Tochi akasema. "Hivi vinyama nikivivuna vinaota tena, mpaka siku vitakapochoka vyenyewe. Huenda akikua vitachoka. Mpaka siku hiyo anaishi kwa mrija wa shingoni. Mtu yeyote asiutoe ila mimi." Nikaitikia. Baada ya hapo sikuhitaji kuchungulia. Wiki za kwanza baada ya kuvunwa, sauti chini ya kidole changu ilitoka nene, kisha ikawa inapungua, na mwishoni nikiziba nasikia pumzi inasukuma kidole na juu hakuna kitu. Nilijua vinyama vimefika wapi kabla Bwana Tochi hajashuka kwenye gari.

Kiangazi kilipoingia akavuna tena, akatupa ruhusa ya kukaa nyumbani mpaka safari yake ijayo. Yeyo alimfunga Idi ushanga mkononi. Masanze walitupokea kwa vigelegele, kisha kila mtu akatazama shingo. Mwaka huo kulikuwa na jando. Kwa kabila letu mtoto ni wa mjomba, kaka wa mama ndiye anayempeleka kumbini, kwenye kambi ya jando, na ndiye mwenye neno la mwisho, na Mjomba Shabani alikuwa ameshanunua kitambaa cheupe cha Idi. Nataka hili lieleweke, maana miaka mingi sikutaka lieleweke hata na mimi: mjomba alimpenda. Alimbeba mabegani kutoka kituoni. Lakini mzee wa kumbi alikuja, akamkagua, akakataa. "Mwenye jeraha bichi haongezewi jeraha. Tundu likifunga, mleteni." Jando jingine lingekuwa baada ya miaka, na Idi angebaki mvulana kati ya wenzake walio wanaume, anakula na wanawake, hasalimiwi, hafundishwi kitu.

Nilikwenda mtoni kufua. Niliporudi nilimkuta mjomba amekaa kwenye kigoda uani, mrija umewekwa kwenye sahani ya bati, na shingo ya Idi imefungwa kitambaa safi. Idi alinikimbilia. "Dada, shikamoo." Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika beseni la nguo. Hakuna aliyeziba kitu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, kavu lakini nzima, imetokea mdomoni, na mimi, niliyeona nilichoona, niliweka beseni chini nikamkumbatia nikicheka. Nilifurahi. Uani palijaa majirani, mama analia, mjomba anamwambia Idi ahesabu, aimbe, ataje majina ya wajomba. Furaha ikanitoka nilipoitazama ile sahani.

"Mjomba, daktari amekataza. Vinaota tena. Tundu likifunga na juu kukiziba, atapumulia wapi?"

"Mwanangu, si unamsikia?"

"Namsikia kwa sababu juzi wamemvuna. Mimi nimeona humo ndani."

Akanitazama bila ukali. "Wewe umeona, na sisi tumesikia. Katika watu wote hawa nani mwingine ameona?" Hakukuwa na mwingine. Ukweli wote ulikuwa umekaa kwenye jicho langu moja, na mimi ni msichana. Nilimgeukia mama, akasema, "Mjomba wake ameshasema." Nilijaribu kumshika Idi niurudishe mrija, wakanitoa uani kwa mikono, kwa upole, kama mtu aliyefiwa. Niliuchukua ule mrija na kuufunga kwenye pindo la kanga. Kitobo cha shingo kikafunga upesi. Nyama ya mtoto haina subira.

Kumbi ilijengwa ng'ambo ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa, na mwanamke hakaribii. Si kusogea tu, hata njia ya kuelekea huko hakanyagi mpaka watoto watoke. Mimi niliyeijua sauti ile kuliko mtu yeyote nilikuwa mahali ambapo sikutakiwa kuisikia. Jioni wavulana waliimba nyimbo zao, nikawa naenda mwisho wa shamba letu nikijidai naokota kuni, naisaka sauti ya Idi katikati ya zile nyingine. Mwanzoni niliipata. Baadaye ikawa inachelewa, kisha inaingia kwenye kiitikio tu. Nikamwambia mjomba aliporudi kuchukua chakula. "Wana mafua wote," akasema. "Baridi ya asubuhi na moshi." Siku iliyofuata sikuisikia kabisa, na nilipobana pumzi yangu nikasikia kitu kingine, mluzi.

Nilikimbia. Nilipita kwenye njia iliyokatazwa, nikavuka uzio wa majani, wanaume wakanyanyuka wakipiga kelele, mmoja akanipiga fimbo ya mgongo. Idi alikuwa amekalishwa ameegemea nguzo, amepakwa unga, mdomo wazi, kifua kinaingia ndani mpaka mgongoni. Aliponiona aliunyanyua mkono wake akauelekeza shingoni kwake, vile alivyozoea kuuvuta wangu. Nilifungua pindo la kanga. Nilipapasa pale pa tundu nikakuta kovu gumu, nikasukuma mrija, nikasukuma tena, na mjomba akanishika kifundo cha mkono, kisha akaiona midomo ya mtoto ilivyo, akaniachia. Akamfunga mgongoni kwa kile kitambaa cheupe, akapanda baiskeli kuelekea Kilosa, mimi nyuma nakimbia. Niliisikia kelele ya pumzi mbele yangu kwa kitambo. Kisha nikawa nasikia mnyororo wa baiskeli tu. Mjomba alikuwa bado anakanyaga, hajui.

Msibani mzee wa kumbi alisema mwanamke ameingia kumbini na mtoto amekufa siku hiyohiyo, na watu waliunganisha mambo hayo mawili kama wanaofunga kamba. Wakasema ni mimi. Nilimtazama mjomba, nikingoja aseme neno moja kuhusu ile sahani ya bati. Aliinamisha kichwa. Kabla mvua hazijaanza nilikuwa nimeshahamia Kilosa kwa watu baki, na wanawake wa kwetu waliponiona sokoni waliwavuta watoto wao wa kiume upande wa pili. Watu huniambia, Mwajuma, una ulimi mkali. Ulimi huu ulikosa mtu wa kuusikiliza siku ulipokuwa na kazi.

Pale Morogoro daktari aliichomoa ile kamba puani, lakini picha ilibaki kwenye skrini. Mjomba hakuondoa macho. "Mwajuma," akasema, "na la Idi lilikuwa hivi?"

"La Idi lilikuwa na nafuu. Lake lilikuwa linavunwa."

Akatikisa kichwa taratibu. Daktari alimweleza kwamba ni saratani, imechelewa kujulikana, na asipotobolewa shingo na kuwekewa mrija atazibwa pumzi wakati wowote. Alikuwa ameandaa maneno ya kumbembeleza, kwa sababu wazee wengi hukataa. Mjomba akafungua kifungo cha juu cha shati. "Wekeni leo," akasema.

Sasa anaishi kwangu, chumba cha nyuma ya cherehani. Wanawe wako Dar na wanapiga simu, ambayo hawezi kuijibu. Mikono yake inatetemeka, kidole chake hakitulii juu ya tundu, basi kidole ni changu tena. Ni ngozi nyingine, ya kizee, yenye mvi za ndevu, lakini pumzi inayosukuma ni ileile. Mwezi uliopita aliniomba nimpeleke Masanze, akaita kikao cha ukoo kwenye ua uleule. Walikuja waliobaki, wengine walikuwa wavulana wa kumbi ile na sasa wana wajukuu. Nilikaa kando yake nikaweka kidole. Akasema polepole, akipumzika katikati, na mimi nikiondoa ili apumue na kurudisha ili aendelee. "Mrija wa Idi niliutoa mimi. Mwajuma alinikataza. Aliingia kumbini kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyesikia. Mtoto nilimuua mimi, na jina nikampa yeye." Mwanamke mmoja wa rika langu, aliyekuwa akiwaficha wanawe sokoni, alijifunika uso kwa kanga.

Kisha mjomba akanigeukia, na mkono wangu ukageuka pamoja na shingo yake. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni. "Mwajuma, mwanangu, naomba unisa..."

Nikaondoa kidole. Midomo yake ikaendelea hadi mwisho wa neno, na kilichotoka ni hewa tupu, ikanipuliza kiganjani. Alingoja. Sikukirudisha.

Asubuhi yake nilichemsha maji, nikachomoa mrija wake wa ndani, nikauosha vizuri na kuurudisha, nikamkaza utepe shingoni usije ukalegea.